Dakika Iliyomsubiri Mtukufu

Nchi yenyewe sitaitaja. Siyo kwamba naogopa, la. Jina lake limebadilishwa mara tatu nikiwa hai, na la sasa sijaletewa barua. Ninachoweza kuapa ni kwamba haikuwa nchi yenu. Nchi yenu naijua mimi, ina viongozi wanaowahi. Kwa hiyo vuta kiti ukae, na kama una saa mkononi ivue uitie mfukoni, maana ikiyasikia haya inaweza kukosa adabu.

Katika nchi hiyo kulikuwa na desturi moja njema kabisa. Kadi ya mwaliko ikiandikwa saa nne asubuhi, waalikwa hufika saa tano, mpishi hufika saa tano na nusu, na mgeni rasmi hufika saa saba. Hakuna aliyenuna. Mgeni rasmi akishuka garini, mshereheshaji husema, "Ndugu wananchi, kama mnavyoona, mgeni wetu amefika kwa wakati," na watu hupiga makofi, hata waliosinzia, maana mikono ilikwisha kuizoea kazi hiyo ikawa haihitaji mwenyewe awe macho.

Mambo yaliharibika siku ya kuzindua kivuko cha waenda kwa miguu, ile michirizi myeupe barabarani. Mtukufu alikuja kuizindua yeye mwenyewe. (Jina lake kamili lina mistari minne na kiitikio, tutosheke na Mtukufu.) Akakata utepe, akavuka barabara kwa heshima zote, akarudi, na alipoinua macho akaiona saa ya Halmashauri juu ya jengo. Inasema saa saba na robo. Akaitazama ratiba aliyoishika. Inasema: *Saa 4:00, Mtukufu kuwasili.*

"Hapa yupo aliyekosea," akasema.

Mbwa aliyekuwa akijikuna chini ya jukwaa akaahirisha.

Ndipo akajitokeza ofisa mmoja mwembamba, shingo ndefu, aitwaye Machano Kibwebwe, ambaye mpaka siku hiyo kazi yake ilikuwa kuhesabu viti. "Ni saa, Mtukufu," akasema. "Imewahi."

"Imewahi inakwenda wapi?"

"Haraka za ujana, Mtukufu."

Saa ile ilikuwa na umri wa miaka sitini na nane. Lakini kesho yake ilisimamishwa kazi kupisha uchunguzi, ikashushwa kwa kamba na kupelekwa stoo chini ya ulinzi wa askari wawili. Na Machano akaapishwa kuwa Waziri wa Wakati na Subira.

*

Waziri mpya alianza kwa kusafiri. Ujumbe wa watu arobaini ulikwenda majuma saba katika nchi moja ya baridi kujifunza habari za saa. Thelathini na tisa walirudi na makoti. Wa arobaini, Bi Mwanakheri, fundi mitambo wa redio ya Serikali, alirudi na saa moja ya ukutani, akaitwa mbele ya Baraza la Mawaziri aieleze.

"Waheshimiwa," akasema, akaigeuza na kuifungua mgongo, "saa hii ina sikio. Mnakiona hiki kijiti cheusi kilichozungushiwa waya? Hiyo ndiyo antena. Huko kwao kuna mnara mmoja unarusha mawimbi ya redio, kila sekunde mlio mmoja. Mlio mfupi ni sifuri, mlio mrefu ni moja. Saa inaikusanya milio ya dakika nzima, inaisoma kama barua: sasa ni saa fulani, dakika fulani, tarehe fulani, mwaka fulani. Sekunde ya mwisho mnara unanyamaza. Ukinyamaza tu, saa inajua dakika mpya inaingia, inapanga mishale yake sawasawa."

"Mlio huo sisi tutausikia?" akauliza waziri mmoja.

"Hapana, Mheshimiwa. Ni wa saa kwa saa."

"Ina maana saa yenyewe haifikiri?" akauliza Waziri wa Mambo ya Ndani.

"Haifikiri. Inasikiliza."

"Raia mwema!" akasema yule Waziri.

Machano alikuwa ameegemea mbele mpaka shingo yake ilifika katikati ya meza. "Bi Mwanakheri. Saa inaambiwa na mnara. Mnara unaambiwa na nani?"

"Na aliyekaa kwenye mitambo."

Mawaziri wakatazamana. Kwanza akacheka mmoja, kisha wawili, kisha Baraza zima likasimama na kupiga makofi, na mmoja akaibusu saa kwenye kioo.

Ila Waziri wa Uvuvi, mtu mwenye maswali ya ovyo, akanyoosha mkono. "Na mnara ukizimika?"

"Hakuna tatizo. Ndani kuna kijiwe kidogo kinatetemeka. Saa itaendelea yenyewe, na itakwenda vizuri tu."

"Hilo la kuendelea yenyewe," akasema Machano taratibu, "usiliandike kwenye ripoti. Litawapa watu mawazo."

Saa ziliagizwa milioni mbili. Wauzaji walileta za kwanza zikiwa zinaanza kuhesabu siku usiku wa manane, tukazirudisha. Siku gani hiyo inaanza watu wamelala, hakuna hata wa kuipokea? Wakazitengeneza upya zianze kama watu wazima, jua likichomoza. Jambo la pili, huko kwao saa husikiliza mnara mara moja tu kwa siku. Machano akakataa. "Mara moja kwa siku ni salamu," akasema, "siyo utii." Zetu zikatengenezwa zisikilize kila dakika.

Mnara ukasimikwa kilimani, Bi Mwanakheri akapewa kiti chenye magurudumu, daftari la kumbukumbu na simu nyekundu. Sheria ya Saa ya Taifa ikapita kwa kauli moja. Kila nyumba itundike saa ya Serikali. Saa nyingine zote, za mkononi, za mezani, za babu, zisalimishwe kwenye ofisi ya kata. Kumiliki saa yenye maoni yake binafsi, siku thelathini jela. Majogoo wakapewa wiki mbili za kujirekebisha.

*

Siku ya kwanza ya kazi ilikuwa uzinduzi wa bomba la maji ambalo maji yake yalikuwa bado njiani. Ratiba: saa nne. Ilipofika saa nne kasoro dakika moja, simu nyekundu ikalia.

"Mama, Mtukufu bado anaoga," akasema Machano. "Shikilia."

"Nishikilie nini, Mheshimiwa?"

"Dakika! Irudie hiyohiyo."

Bi Mwanakheri akairudia. Akarusha barua ileile ya saa tatu na dakika hamsini na tisa, mara ya pili, ya tatu, ya mia. Nchi nzima saa zikawa zinafanya kitu cha ajabu: mshale wa sekunde unazunguka vizuri, ule wa dakika unanyanyua mguu kuikanyaga saa nne, halafu unasikia mnara, unaurudisha. Unanyanyua, unaurudisha. Kama mtu anayetaka kuingia chumba cha wakwe. Mtukufu aliposhuka garini, jua likiwa utosini, Machano akasema neno moja kwenye simu na saa zote milioni mbili zikagonga saa nne kamili.

"Mgeni wetu amefika kwa wakati," akasema mshereheshaji, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, ilikuwa kweli.

Dakika hiyo ikapewa jina la Dakika ya Heshima. Ilidumu saa tatu, ambazo mnara ulizifidia usiku watu wamelala, na ilikuwa na neema zake. Watoto waliokutwa na mapumziko walicheza mpaka wakachoka wakaomba kufundishwa. Waliokutwa na hesabu, wengine wakawa wahasibu palepale. Hospitali kuu walizaliwa watoto kumi na tisa katika dakika hiyohiyo moja, na kwa kuwa fomu ilisema wanaozaliwa dakika moja ni mapacha, mama zao wakaandikwa kuwa mtu mmoja. Kuna bibi aliyebandika yai la kuchemsha dakika tatu. Nasikia bado analisubiri.

Mwisho wa mwaka Waziri akatangaza kwamba uchelewaji nchini umeshuka kutoka asilimia mia hadi sifuri. Zikaja tuzo kutoka nje. Zilichelewa, lakini mnara ukazisubiri.

*

Sasa Bi Mwanakheri alikuwa na mume, Fundi Kirobo, fundi saa. Mtu wa watu, mdomo wake na bisibisi yake vyote vikali. Sheria ilipopita alifunga kibanda chake, akasalimisha saa mia mbili na kumi za wateja. Moja hakuisalimisha: saa ya mezani ya kutia ufunguo, ya marehemu baba yake. Aliificha kwenye pipa la unga.

"Kirobo, hiyo saa itatufunga," akasema mkewe.

"Itanifunga mimi. Wewe ni mtu wa Serikali. Wewe unashika dakika, mimi nashika unga."

"Mimi natumwa tu, baba Mashavu."

"Hata saa zako zinasema hivyohivyo. Zinatumwa tu."

Siku moja, Dakika ya Heshima ikiwa imenoga, nyumba zote kimya, saa iliyo ndani ya unga ikagonga mara saba. Bahati mbaya balozi wa nyumba kumi alikuwa ukumbini akinywa chai.

"Fundi," akasema balozi, kikombe hewani, "unga wako unasema saa saba."

"Ni dona, balozi. Dona lina kelele."

Mahakamani hakimu alikuwa mtu wa haki, akamuuliza maswali mawili tu. "Saa yako ilisema nini?"

"Saa saba."

"Na ya Serikali?"

"Saa nne kasoro dakika moja."

"Jua lilikuwa wapi?" akauliza karani kwa kujisahau, akatolewa nje.

Kirobo akapigwa siku thelathini, zitakazokwisha Alhamisi saa nne kamili asubuhi. Akafurahi kidogo, maana Alhamisi hiyohiyo alasiri binti yao pekee, Mashavu, alikuwa anaolewa, na walii wa Mashavu, wa kumwozesha, ni baba yake.

"Mjomba anaweza kumwakilisha baba," kadhi alimshauri Mashavu.

"Baba yangu yuko hai, yuko mtaa wa pili, nimwazime mjomba? Bila baba siolewi, sheikh."

Na bibi yake bwana harusi, kikongwe aliyekuja na ukoo mzima kutoka bara, naye akaweka sharti lake. "Kwetu sisi, jua likizama ndoa haijafungwa, hiyo ni nuksi. Tunafunga mizigo tunarudi. Wala msinibembeleze, mimi sibembelezeki tangu nikiwa mtoto."

*

Alhamisi ikafika. Nayo, kwa ratiba ya Wizara, ilikuwa Sikukuu ya Wakati: uwanja wa taifa, gwaride, bendi, Mtukufu kuwasili saa nne kamili.

Gerezani, Sajini Lukuba, mkubwa wa funguo, alimtoa Fundi Kirobo hadi lango la ndani, amenyolewa, kifurushi chake kwapani. Saa ya ukutani ikasema saa tatu na dakika hamsini na tisa. Sajini akatia ufunguo kwenye kufuli kabisa.

"Dakika moja tu, mzee wangu," akasema.

"Dakika moja nitaivumilia, afande. Nimevumilia mwezi."

Mshale ukanyanyua mguu. Ukaurudisha.

Kirobo akaufahamu mwendo ule. Akakaa chini juu ya furushi lake. "Afande," akasema, "tafuta kiti."

Kilimani simu nyekundu ilikuwa imekwisha kulia. "Shikilia, mama," alisema Machano. Bi Mwanakheri akashikilia. Akadhani ni ile ya kawaida, ya saa mbili tatu. Mumewe atatoka mchana, atakoga, atavaa kanzu, atawahi. Ikapigwa adhana ya adhuhuri, maana mwadhini hutazama kivuli chake, na Wizara ilikuwa haijapata ujasiri wa kukiandikia kivuli barua. Akaendelea kushikilia. Kivuli cha mnara kikateremka kilima, kikavuka barabara, kikaingia shamba la watu.

Mashavu akapiga simu. "Mama, mimi nimekwisha kurembwa. Baba yuko wapi?"

"Anakuja, mwanangu. Ni saa nne kasoro dakika moja."

"Mama! Nimesimama uani hapa, kivuli changu kimenizidi urefu. Bibi yao ameshaanza kukunja mkeka. Tena siyo kuukunja tu, anaufunga kwa kamba!"

Bi Mwanakheri akakata simu, akainua ile nyekundu. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuipiga, kawaida huipokea tu.

"Mheshimiwa, Mtukufu yuko wapi?"

"Ikulu," akasema Machano. Nyuma yake bendi ilikuwa inapiga wimbo wa kukaribisha kwa mara ya hamsini, na tarumbeta zilikuwa zimekauka midomo.

"Anaoga?"

"Ameshaoga."

"Anakula?"

"Ameshakula." Machano akashusha sauti. "Amevaa tangu asubuhi, mama. Amekaa kwenye kiti anaitazama saa ya ukutani."

"Anasubiri nini?"

"Anasubiri ifike saa nne."

Bi Mwanakheri akakaa. Kile kiti cha magurudumu kikamsogeza nyuma kidogo.

"Anasema leo ni Sikukuu ya Wakati," Machano akaendelea, "kwa hiyo ataondoka saa nne kamili, asiwahi wala asichelewe. Amewahutubia walinzi juu ya nidhamu."

"Sasa Mheshimiwa, saa inamsubiri yeye, na yeye anaisubiri saa!"

"Punguza sauti!"

"Si mumwambie tu aondoke?"

"Nimwambie vipi? Nikimwambia saa nne imepita, nimeiita saa ya Serikali mwongo. Nikimwambia haijafika, ni sawa, ndivyo anavyojua, ataendelea kukaa."

"Basi niruhusu niipeleke mbele."

"Saa nne ifike Mtukufu hajafika? Mama, shingo hii unaiona lakini?" Akapumua. "Shikilia. Labda jua nalo litachoka."

Akakata.

Bi Mwanakheri akatazama dirishani. Jua lilikuwa halina dalili ya kuchoka. Lilikuwa linakwenda zake kama lina harusi. Akatazama daftari. Mistari mia tatu na sitini imeandikwa jambo moja, *3:59, nimerusha*, na kila mstari una sahihi ya Waziri iliyopigwa kwa muhuri mapema, ya mwaka mzima. Kuipeleka saa mbele alikuwa amekatazwa. Kuirudisha nyuma, hakuna aliyeomba. Akakumbuka kwamba kila mwisho wa dakika mnara hunyamaza sekunde moja, ndiyo kazi yake, ndiyo sheria yake. Sekunde hiyo ikafika. Mnara ukanyamaza.

Bi Mwanakheri akauacha unyamaze ya pili. Akauacha unyamaze ya tatu. Akainuka, akabonyeza swichi kubwa chini, akachukua mkoba wake.

*

Saa milioni mbili zilitega sikio. Hazikusikia kitu. Zikangoja kidogo, nafikiri kwa heshima tu, halafu kile kijiwe cha ndani kikatetemeka, mshale ukanyanyua mguu, na safari hii ukakanyaga.

Saa nne kamili.

Gerezani Sajini Lukuba, aliyekuwa amesinzia ameshikilia ufunguo, akashtuka akauzungusha. "Mzee wangu! Dakika yako imekwisha!"

Fundi Kirobo alikuwa ameshafika barabarani.

Uwanja wa taifa watu laki moja wakaiona saa kubwa ikigonga, na kiti cha Mtukufu kitupu. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Mshereheshaji akamtazama Waziri. Waziri akaitazama shingo yake kwa mawazo. Lakini ratiba ni ratiba, imepigwa muhuri, na inasema saa 4:00 Mtukufu kuwasili. Basi wakampokea. Zulia likakunjuliwa, mizinga ikapigwa, watoto wawili wakakipa kiti shada la maua. Saa 4:05 wimbo wa taifa. Saa 4:10 hotuba ya Mtukufu: kipaza sauti kikawekwa mbele ya kiti, na kwa dakika kumi na tano uwanja ukasikiliza. Magazeti yaliandika kwamba ilikuwa hotuba yake bora kuliko zote, fupi kwa maneno, na wazee watatu walitokwa na machozi.

Mtukufu mwenyewe aliiona saa nne ukutani kwake, akatabasamu, akasema, "Kamili!" Akaingia garini. Njia ilikuwa na msongamano wa watu wanaotoka kazini, akashangaa wananchi wake wanavyotoka kazini asubuhi. Akaingia uwanjani saa nne na dakika ishirini na tano, wakati ambapo ratiba ilisema: *Mtukufu kuondoka.*

Bendi ikapiga wimbo wa kuaga. Mawaziri wakajipanga wakampa mikono. Akafunguliwa mlango uleule aliotokea, akapigiwa saluti, akafungiwa. Alikuwa bado anapunga mkono alipojikuta Ikulu.

*

Nyumbani kwa Kirobo, mkeka wa kikongwe ulikuwa juu ya kichwa cha mjukuu, tayari kwa safari, jua likiwa limeugusa ukingo wa bati la jirani. Kirobo akaingia na kanzu aliyoivaa njiani, nyuma mbele. Bi Mwanakheri akaingia nyuma yake, anahema.

"Nani kashika mnara?" Kirobo akamuuliza.

"Hakuna."

"Na saa zinakwenda?"

"Zinakwenda."

Akamtazama mkewe kama siku aliyomuona mara ya kwanza. "Na wewe je?"

"Kaa chini, baba Mashavu, kadhi anakungoja. Maneno yako utaniambia kesho."

Ukutani saa ya Serikali ilisema saa nne na nusu asubuhi. Kadhi akaitazama, akatoka mlangoni akakitazama kivuli, akarudi. "Hapa nina mashahidi wawili wanapingana," akasema. "Nitamsikiliza yule asiyeteuliwa na mtu." Akafungisha ndoa.

Kikongwe akaushusha mkeka, akaukalia. "Mlikuwa karibu kunikosa," akasema. "Haya, pilau liko wapi?"

*

Bi Mwanakheri alishtakiwa, msidhani. Lakini hati ya mashtaka ina kisanduku cha kujaza saa ya kosa, na hapo mwendesha mashtaka alikwama. Kwa saa ya Serikali, mambo yote ya siku ile yalitokea katika dakika moja, ya saa tatu na hamsini na tisa. Na daftari lilionyesha kwamba dakika hiyo mshtakiwa alikuwa akirusha mawimbi, tena mara mia tatu na sitini, kwa sahihi ya Waziri. Hakimu akauliza kama yupo shahidi mwenye saa nyingine. Watu wakacheka. Wote walikuwa nazo, ila hakuna aliyekuwa mjinga wa kuzitoa. Kesi ikafutwa.

Machano akateuliwa balozi katika nchi moja ya mbali sana, upande wa pili wa dunia, ambako nasikia bado ni jana.

Mnara haukuwashwa tena. Kila waziri aliyeombwa kuuwasha aliuliza kwanza, "Tukiwasha, tuuambie ni saa ngapi?" na kikao kikaahirishwa. Saa za ukutani zikaendelea zenyewe, na Fundi Kirobo akafungua kibanda, watu wakampelekea azilinganishe na jua.

Siku moja akaingia mlinzi wa Ikulu, miwani myeusi, saa imefungwa ndani ya taulo.

"Imeharibika nini?" akauliza Kirobo.

"Haijaharibika. Mwenyewe anataka iwekwe sawa." Mlinzi akageuka nyuma, akainama. "Sawa ya kweli. Halafu uizidishe mbele dakika ishirini na tano. Hataki tena yale ya uwanjani."

Kirobo akaizidisha.

Ndiyo maana Sikukuu ya Wakati iliyofuata, ratiba ikiwa saa nne, Mtukufu aliondoka mapema ili afike saa nne kwa saa yake, akafika uwanjani saa nne kasoro dakika ishirini na tano. Alikuta viti laki moja vitupu na mama mmoja mwenye ufagio. Akakaa kwenye kiti chake. Akatazama huku, akatazama kule. Akakaa mpaka makalio yakaanza kumuuma, jambo ambalo lilikuwa geni kwake.

"Mama," akasema mwisho, "wananchi wamechelewa?"

Yule mama hakuacha kufagia. "Hawajachelewa, Mtukufu. Ni saa yako imewahi," akasema. "Hebu inua miguu hapo nifagie."

Mtukufu akainua miguu.